Nilimnyima Mwenzangu Nusu ya Kazi, Sasa Anahukumiwa Yeye

Shangazi, shikamoo. Nimekusoma miaka mingi nikiwacheka wanaokuandikia, leo zamu yangu, tafadhali usinicheke.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, natengeneza programu za kompyuta katika hospitali kubwa, na sehemu yangu ni ile isiyoonekana, yaani muuguzi akishaandika habari za mgonjwa kwenye skrini, programu yangu ndiyo inayozichukua na kuzipeleka kwenye hifadhidata zikakae, daktari wa kesho azikute, ndiyo maana wananiita Mama Ghala, jina ninalolipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu, kwa sababu nyumbani hakuna anayeniita lolote tangu mdogo wangu niliyemlea kama mwanangu aolewe akahamia mbali, napika kwa sufuria ndogo, naacha redio ikisema chumba cha pili ili nikirudi nisikute kimya, na simu yangu ikilia ujue kuna kitu kimeharibika kazini, na mimi, Mungu anisamehe, hufurahi.

Basi wakaajiri binti mmoja mwerevu, mwenye adabu, nimwelekeze kazi, nisije nikaugua mfumo ukabaki yatima. Siku ya kwanza akavuta kiti karibu yangu akasema, "Dada, nifundishe. Kichwa changu kizito, lakini kikishika hakiachi." Nikamfundisha nusu nusu, maana nilihofu akijua yote simu zitalia kwake. Sasa Shangazi, habari ikishaandikwa bado iko mdomoni tu mwa kompyuta, mpaka itolewe amri ya mwisho ya kuihifadhi, bila hiyo skrini inaonyesha mambo shwari kumbe hakuna kilichoingia ghalani. Alipomaliza kipande chake aliniuliza, "Hapa panatosha, dada, au kuna kingine?" Nikamjibu, "Panatosha," nikaendelea na chai yangu.

Juzi, kwenye kipande hicho chake, zikapotea habari za mzee mmoja, kwamba dawa fulani ya sindano inamdhuru. Muuguzi wa zamu nyingine alifungua akakuta patupu, akaivuta dawa kwenye sindano, na kama mke wa mzee asingekuwa kando ya kitanda akauliza, "Mwanangu, hiyo ni dawa gani?" sasa hivi tungekuwa tunasema mengine. Binti amesimamishwa kazi, Jumatatu anaitwa kikaoni, wala hajanitaja. Akikusanya vitu vyake aliniambia tu, "Dada, samahani, nimekuaibisha."

Nikisema kweli nitafukuzwa, na nikifukuzwa sina pengine pa kuwa mtu. Nifanyeje?

Mama Ghala

*

Mama Ghala, marahaba, ingawa nahisi umri wetu ni mmoja.

Cheko sina. Hiyo redio ya chumba cha pili imenikaa rohoni. Upweke ni ugonjwa, na anayeuugua hastahili kusimangwa. Lakini ulipotamka "panatosha" ukijua hapatoshi, hapo haukusema upweke, ulisema wewe, na mume wa mtu nusura azikwe kwa neno lako.

Wanaokupigia simu hawakutafuti wewe, ndugu yangu, wanatafuta programu ipone. Miaka yote ulikuwa unangoja mtu avute kiti akae nawe. Alipokuja, ukamwona mwizi! Hata sasa amebeba mzigo wako na samahani anakuomba yeye. Huoni haya?

Usingoje Jumatatu. Ukishasoma hapa, nenda kwa mkuu wako, funga mlango, useme: "Aliniuliza, nikamficha." Usiongeze "lakini". Mweleze pia kwamba programu inayomeza habari za wagonjwa kimya kimya ni mbovu, hata aliyeiandika awe nani. Ikikosa kuhifadhi, ipige kelele muuguzi ajue. Wakikuruhusu, irekebishe. Wasipokuruhusu, waelekeze watakaoirekebisha, na safari hii waelekeze yote. Kazi unaweza kuipoteza, sitakudanganya. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha vya kutosha. Mdogo wako naye mpigie, umwambie unamkumbuka. Hakuolewa ili asikusikie tena.

Kisha nenda kwa binti, kwa miguu yako. Akikataa kukufungulia, ana haki, rudi siku nyingine. Akikufungulia, usimlilie akaanza kukubembeleza yeye. Mwombe radhi, uketi, umfundishe nusu iliyobaki, hata kama pale kazini harudi tena.