Divai ya Kifaransa na Mtungi wa Baba

Jumapili, alasiri. Meru ni baridi na manyunyu tangu asubuhi. Sijaenda kanisani. Ningeenda kumwangalia Mungu na macho gani?

Jana tulikuwa Kinoru kwa wazazi wa mchumba wangu Kendi, kupeleka mahari. Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Kazi yangu ni kuhudumia wageni kwa hoteli hapa mjini, na mambo ya divai nimeyasomea. Nikatafuta chupa mbili za Sauternes, divai tamu ya Kifaransa, rangi ya dhahabu, ile ya zabibu zinazoachwa kwenye mzabibu mpaka zishikwe na ukungu na utamu wote ubaki ndani. Nikapanga mpaka chakula. Kwanza ini la mbuzi la kuchoma, lenye chumvi, kwa sababu divai hiyo inapenda mafuta na chumvi. Wafaransa wao huinywa na ini la bata, na jibini lenye ukungu pia. Halafu ndizi mbivu za Mitunguu zilizokaangwa kwa siagi. Nilijiona mjanja sana.

Kumbe baba naye alikuwa amejipanga.

Baba anafuga nyuki kule Mbeere. Alitoa asali ya mizinga yake yote, akatengeneza pombe kwa muratina, lile tunda la kuchachusha, vile babake alimfanyia yeye akioa, kwa sababu kwetu baba wa kijana haingii boma la wakwe bila pombe ya asali. Asubuhi akafika kwangu na mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, mdomo umezibwa na gunzi la mahindi. Shati lake lilinuka moshi wa mizinga.

Wueh. Nikafikiria vile vitambaa vyeupe vya akina Kendi, na glasi za mguu mrefu nilizoazima kazini. Nikamwambia, "Baba, hawa ni watu wa kanisa sana. Hawagusi pombe. Tuiache kwa buti ya gari tulilokodi."

Alinitazama kidogo. "Sawa. Wewe ndiye unawajua."

Uongo mtupu. Na saa nane nikafungua chupa mbele yake.

Nilikuwa na haraka ya kusifiwa mpaka nikasahau nilichomwambia. Nikammiminia na yeye. Aliishika glasi kwa mikono miwili, hakuonja, hakuniangalia.

Divai ilipendwa, nisiongeze uongo mwingine. Shangazi zake Kendi waliomba tena, na ini likaisha kwa sahani, tukabaki na kipande kimoja nilichofungiwa nibebe nyumbani. Kisha babake Kendi akapangusa midomo, akamgeukia baba akicheka. "Mzee mwenzangu, hii ya mtoto ni tamu. Lakini watu wa Mbeere nawajua. Ile ya asali iko wapi? Nimeingoja tangu asubuhi."

Nilingoja baba aniumbue. Nilistahili.

Baba akasema, "Nyuki walihama mwaka huu. Mizinga ni mitupu. Mnisamehe."

Huyu ni mtu aliyenichapa nikiwa darasa la tatu kwa kusema nimeoga na sijaoga. Alidanganya mbele ya wazee, akaonekana mfugaji nyuki asiye na nyuki, ndio mimi nisiaibike. Na mtungi ulikuwa pale nje, hatua ishirini.

Nilipomsindikiza kupanda gari la Embu, aliniambia nisisahau kula.

Mtungi ulibaki kwangu, na leo nimeufungua. Nimemimina kwa kikombe cha chai, nikanywa na kile kipande cha ini. Mungu wangu. Utamu, moshi kidogo, na uchachu unaokata mafuta. Nilichokuwa nikitafuta kwa chupa ya Wafaransa kilikuwa kwa buti siku nzima. Nimelia, aki, mtu mzima na kikombe mkononi.

Pombe ya asali haingoji. Siku mbili hivi itakuwa chungu, na asali nyingine hakuna. Nimempigia baba simu mara mbili, na mara zote nimeishia kumuuliza kama kumenyesha.

Nimeomba ruhusa ya kesho kazini. Nitashukia karibu na uwanja wa Kinoru na kuubeba mtungi begani mpaka mlangoni, bila kuufunika na leso, majirani wauone na umanjano wake. Halafu nitasimama mbele ya babake Kendi, nimwambie nyuki wa baba yangu hawakuhama.