Ukigusa Umecheza

Baba, shikamoo.

Mama ameshakwambia: nimechukua ubingwa wa sataranji! Kikombe nimekiweka juu ya cherehani. Mteja asipokiulizia, nakitaja mwenyewe.

Fainali nusura iniponyoke. Nilikuwa nasogeza askari, mkono wa gauni ukamgusa malkia. Mpinzani wangu, mwalimu mmoja mwenye domo, akaruka: "Umemgusa, mcheze!" Ningemcheza, ningekwisha. Refa akasema sheria inambana aliyegusa kwa kukusudia, siyo bahati mbaya. Yule mwalimu nikamfunga kwa askari huyohuyo!

Baadaye nikamvuta refa pembeni. Na mkono unaotetemeka je? "Huo ndio hauna kosa kabisa," akanijibu.

Baba, siku ile pale mezani kidole chako kilipomgusa farasi, niliuona mkono unatetemeka. Lakini nilitamani kukushinda, hata mara moja. Nikasema "Ukigusa umecheza," kama ulivyonifundisha. Tangu hapo hujacheza tena.

Ushindi ule naurudisha. Jumamosi nakuja, na nakumbuka kila kete ilipokuwa. Farasi arudi mahali pake. Ni zamu yako.

Binti yako,
bingwa mpaka Jumamosi.