Ngwe ya Eliya

Jumamosi, 6 Desemba. Singida mjini.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka maabara ya chuo, ingawa madirisha tulifunga. Mvua bado. Nimezifuta vumbi kompyuta zote nane kabla ya kuwasha chochote. Ya Eliya nimeifuta mwisho.

Mimi na Eliya, mwenzangu wa darasani, tulipewa kompyuta hizi kuukuu tuziunganishe kwa nyaya, zifanye kazi moja kwa pamoja. Kazi yenyewe ni kutafuta namba tasa. Kompyuta ya mbele inagawa namba, kila moja inapata fungu lake, kisha majibu yanakusanywa. Eliya, mtoto wa wakulima wa Kinyangiri, hakuyaita mafungu. Aliyaita ngwe, kama kipande anachopimiwa kila mtu siku majirani wanapokwenda kumlimia mwenzao. Akazipa kompyuta majina ya majirani zao. Moja akaipa jina lake.

Tena akaandika sheria yake ndani ya programu: hakuna kutoa jibu mpaka wote wamalize.

"Kwetu huondoki shambani mwenzako bado ameinama," aliniambia. "Ukitangulia, togwa utaisikia harufu tu."

Nilicheka, nikakubali.

Tulimzika mwezi uliopita. Malaria.

Leo nimewasha programu peke yangu. Saba zimejibu. Ile yenye jina lake diski yake inagonga tu, haiwaki. Na kwa kuwa sheria ni ile, zote saba zimesimama. Kioo kimeandika: Namsubiri Eliya.

Nimekaa nakitazama.

Mwalimu wa maabara amepita nyuma yangu. "Futa jina lake, bwana. Jumatatu mkuu wa chuo anakuja kuona. Kazi isipokwenda, mashine zinarudi darasa la kuchapa."

"Sawa, mwalimu."

Nimeifungua programu, nikafika penye jina lake.

Nimekumbuka Kinyangiri. Baada ya maziko, majirani walikuja kumlimia mama yake. Ngwe zikapimwa, na ya Eliya ikapimwa pia, kama kila mwaka. Nilidhani wamesahau. Hapana. Waliokuwa kulia na kushoto kwa ngwe hiyo walipomaliza zao waliigeukia ile, wakalima kuelekeana. Mama Eliya akaniona nimeduwaa.

"We mtoto wa mjini, jembe hilo ni la kuegemea?"

Nikainama nami nikalima, mpaka tukakutana katikati.

Basi jina sikulifuta. Nimebadilisha sheria tu: mmoja asipojibu, ngwe yake wagawane walio kando yake. Programu imekataa, nimerekebisha, imekataa tena. Alasiri kioo kimeandika: Wote wamemaliza.

Nimelinganisha jibu na jedwali la kitabuni. Ni sahihi. Hakuna namba iliyokosekana.

Hilo ndilo lililoniliza. Nilitaka angalau pengo moja, hata dogo, lionyeshe kwamba hayupo.

Mashine tutabaki nazo, nadhani. Lakini Jumatatu mkuu akiliona jina kwenye kioo, akauliza huyu Eliya ni nani, ambaye hajalima na ngwe yake imelimwa, nitamjibu kwa sauti gani?