Kidole cha Sita Kimeitika Kitale

Kukhu, nyanya yangu, hujambo huko Kamukuywa?

Hapa Kitale kuna baridi, lakini mimi nimeshiba. Leo kanisani walikumbuka watu waliokufa kiwanda cha risasi kilipolipuka, wakati wa vita ya wazungu. Mama mmoja anasoma majina, jamaa ya marehemu wanaitika, "Tuko." Mimi nilifuata chai tu, sikufichi.

Mwisho akasema, "Na yule kijana wa Kamukuywa mwenye vidole sita mkono wa kushoto. Jina hatukulipata, na hakuna mtu amewahi kumwitikia."

Kukhu, mkono wangu ulienda juu wenyewe, na vidole vyote sita. "Tuko," nikasema. Kanisa nzima ikageuka. Nikawapa jina la baba yako, wakaliandika ukutani nikiangalia.

Sasa wale majirani wanaosema ati baba yako alikutoroka kwa ajili ya mwanamke wa Kitale, waambie wanyamaze. Na Mjomba, aliyetaka kidole changu kifungwe uzi kianguke nikiwa mtoto, wewe ukakataa ukisema ni cha baba yako, mwambie kidole kinamsalimia.

Jifunike vizuri, Kukhu. Nakuja Jumamosi. Chinja jogoo, si nimekuletea baba yako nyumbani?

Wafula wako