Hakuna Salamu Hewani

Utemini, Singida

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo.

Nimeiandika peke yake kwenye mstari wake ili upate nafasi ya kuitikia kabla sijaendelea na mengine.

Mimi mzima. Upepo wa huku unanitoa machozi barabarani na midomo imepasuka, lakini mwili una nguvu na kazi ya visima inakwenda. Wiki hii niko mjini natengeneza pampu, wiki ijayo narudi vijijini. Ninyi huko Newala mnaendeleaje? Mgongo wako umepoa? Mikorosho imetoa maua au bado inawatega? Dada Somoe aliniambia Mama anakohoa. Aache kukaa jikoni moshi ukiwa umetanda, na mwambieni ni mimi nimesema, mwanawe wa mwisho anayejua kila kitu.

Najua hupokei simu zangu. Somoe anasema ikiita unasoma jina langu, unaigeuza kifudifudi mkekani, unaendelea na shughuli zako. Sawa. Tangu nilipoikataa ile kazi uliyonitafutia kwa Mjomba Issa pale Mtwara hatujasemezana, na sitajifanya nimebadili mawazo, maana ungeujua uongo wangu kabla hujafungua ukurasa wa pili. Nabaki Singida. Lakini hujawahi kupokea barua ukaiacha bila kuisoma, hata ile ya mdai. Kwa hiyo kaa kitako nikusimulie habari ya mzee mmoja wa huku. Mnafanana mpaka nimeogopa.

Nilipojiunga na klabu ya redio, Somoe alisema uliuliza kama sasa nimekuwa mtangazaji. Si redio hiyo, Baba. Ni simu ya upepo, kama ile iliyokuwa kwenye zahanati ya zamani: unabonyeza kitufe unaongea, unaachia unasikiliza. Sisi ni watu wa ridhaa, leseni tunazo, mshahara hatuna. Yumo mwalimu, yumo fundi cherehani, mimi wa pampu, na wakulima wawili watatu. Penye shughuli ya watu wengi, mahali mtandao wa simu hausomi, tunaitwa. Siku ya chanjo, mbio za shule, mambo hayo. Mtu akimaliza kuongea anasema "ova", yaani mimi nimemaliza, zamu yako. Hapo lazima uachie kitufe na unyamaze, kwa sababu ukiendelea kukibonyeza humsikii mwenzako hata akikuita kwa nguvu zote. Najua unacheka hapo. Zainabu wako, kunyamaza.

Sasa, shida yetu kubwa haikuwa mitambo. Ilikuwa salamu. Watu wa huku, Baba, hawamruki mtu mzima bila kumwamkia, hata nyumba ikiwa inaungua. Kwenye mbio za shule binti mmoja alianguka akaumia goti vibaya, na aliyemwona akakosa nafasi ya kutuambia. Hewani walikuwepo wazee wawili wanajuliana hali. Wakatoka kwenye habari za nyumbani wakaingia kwenye ng'ombe, wakatoka kwenye ng'ombe wakaingia kwenye alizeti. Anapoongea mmoja wengine wote tumefungwa midomo. Yule binti alifungwa goti na mama muuza karanga kabla sisi hatujapata hata habari.

Baada ya hapo wakanichagua mimi niwe msimamizi wa mawasiliano. Unanijua. Siku hiyo hiyo nikatoa sheria: hakuna salamu hewani. Unaitwa kwa namba ya kituo chako, unajibu, unaeleza shida, ova. Nikauliza nani ana neno. Vijana wakapiga makofi. Mzee Ntandu, mkulima wa upande wa Mtinko na mkubwa kuliko sisi wote, aliitazama kofia yake iliyokuwa gotini, akaigeuza, hakusema kitu. Tukasema amekubali.

Basi yakaja mashindano ya baiskeli, kutoka Mtinko hadi hapa mjini. Mzee Ntandu tulimpa kituo cha tatu, bondeni jirani na shamba lake, mahali ambapo simu ya mkononi haipati mtandao hata ukipanda juu ya jiwe. Mimi nilikaa mwisho wa mbio chini ya turubai, redio mezani. Asubuhi nikavijaribu vituo vyote. Cha kwanza kikajibu, cha pili kikajibu. Cha tatu kilibonyeza kitufe, nikasikia mkwaruzo mmoja, kikaachia. Nikajisemea redio yake nzima, na hilo ndilo nililotaka kujua.

Baiskeli zikaanza kuingia. Chache zilikuwa za mashindano, nyingi ni zile zile za kubebea magunia zilizovuliwa keria. Watu wakashangilia, ngoma ikapigwa, nami nikawa napokea taarifa kutoka kila kituo kama malkia. Wakafika wote isipokuwa mmoja, Mama Rehema, muuza vitunguu sokoni. Mama huyu ana kisukari. Daktari alimruhusu kwa masharti ale vizuri na asikimbizane na vijana. Binti yake Rehema alikuwa amesimama mezani kwangu na chupa ya soda mkononi, kwa sababu sukari ikimshuka mama yake huanguka, na asipopewa kitu kitamu upesi hapati fahamu.

Kituo cha pili walimwona akipita. Cha nne hawakumwona. Pikipiki inayofuata nyuma ya wote ikaingia, kijana akavua kofia yake akasema barabara ni nyeupe, hakuna mtu.

Nikaita. "Kituo cha tatu, jibu. Ova." Kimya. Nikaita tena, nikaita tena. Gari nilikwisha kulituma, lakini njia ni ndefu na dereva hakujua aangalie barabarani au vichakani. Rehema akanishika mkono.

"Dada, huyo mtu wa hapo katikati yuko hai kweli?"

"Yuko hai," nikamwambia. Moyoni sikuwa na hakika. Niliogopa, Baba, nisikufiche. Niliona nimemweka mama wa watu kwenye bonde lisilo na simu na kumkabidhi kwa redio iliyokufa.

Halafu nikaukumbuka ule mkwaruzo wa asubuhi. Redio haikuwa imekufa. Na hapo ndipo nilipokuona wewe, umekaa barazani unasuka tenga, Somoe anaingia mbio anauliza, "Panga liko wapi?" Wewe kimya. Anauliza tena, kimya. Anazunguka nyumba nzima, anarudi analia, na panga liko pale pale chini ya goti lako. Mpaka alipopiga magoti akasema shikamoo Baba, ndipo ulipoitikia na kumpa, tena kwa upole, kana kwamba ndiyo kwanza ameingia.

Nikabonyeza kitufe. Klabu nzima inasikiliza, na sheria ni yangu mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee Ntandu. Ova."

Nikaachia. Ule mkwaruzo ukaja.

"Marahaba, mwanangu Zainabu. Umeamkaje huko?"

"Nimeamka salama, mzee wangu. Ninyi hapo hamjambo?"

"Sisi hatujambo. Mama nyumbani anakusalimu. Na huko kwenu kwa wazazi, hawajambo?"

Rehema alikuwa ananikodolea macho kama mtu anayetazama wazimu. Nami nikajibu, Baba, neno kwa neno. Nikasema wazazi wangu ni wazima. Nilipolisema hilo nikakumbuka kwamba wewe sijakusikia kwa muda mrefu na sina uhakika.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa huyu mgeni wenu mwenye vitunguu yupo hapa kwangu. Alishuka kwenye baiskeli anatetemeka, tukampa asali, akapata nguvu. Yupo nyuma ya nyumba kivulini anakunywa uji na mke wangu. Ameniambia nisiwape hofu. Ova."

Rehema aliketi chini mavumbini palepale, akafungua ile soda, akainywa yeye.

Jioni nilikwenda mwenyewe kuichukua redio. Niliamkia tangu mlangoni, nikakaa, nikaulizwa habari zote nikajibu zote. Kisha nikamwambia, kwa adabu lakini bila kupunguza, kwamba binti wa watu alikosa pumzi kwa sababu ya marahaba yake. Nikamuuliza, kama asali isingetosha je?

"Uliita kituo cha tatu," akasema. "Mimi si kituo, mimi ni Ntandu. Hata ng'ombe wangu nawaita kwa majina."

"Na mgonjwa je, mzee?"

Akaichukua kofia yake, akaigeuza geuza. Mkewe, aliyekuwa anapepeta mtama pembeni, akamaliza maneno. "Mwambie ukweli. Nilikwambia ujibu, ukasema acha wajifunze. Wewe nawe una kiburi."

"Hapo mmenishinda," akasema mzee.

Tukapatana hapo hapo. Siku hizi kabla shughuli haijaanza nawapitia wote hewani, mmoja mmoja kwa jina lake, wakubwa kwanza. Salamu kamili, na ng'ombe akitaka aulizwe. Nikishafunga salamu ni kazi tupu, na anayeitwa anajibu hata kama ameitwa kwa namba ya gunia. Mzee Ntandu alikubali, safari hii kwa sauti. Tumefanya hivyo siku ya chanjo, kazi ikaenda kama maji bombani, na vijana waliopiga makofi siku ile sasa ndio wanaowahi kuamkia. Ni kazi nzuri, Baba, naifanya vizuri. Natamani siku moja uje uione.

Sasa turudi kwetu sisi wawili. Ile siku ya habari ya Mtwara, nilipiga simu nikaanza na neno "siendi". Sikukuamkia, sikuuliza mgongo, wala sikukushukuru kwa kumsumbua Mjomba kwa ajili yangu. Uamuzi wangu ni ule ule, ila ulistahili kuupokea baada ya shikamoo. Ndiyo maana barua hii imeanza pale ilipoanza.

Msalimie sana Mama, asikilize habari ya moshi. Msalimie dada Somoe na mumewe, na wanawe wasiponde korosho mbichi wakaungua midomo. Mjomba Issa mwambie namheshimu na nafasi ile ampe binti mwingine anayeitaka. Bibi mshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu, na jirani yetu fundi baiskeli mwambie nimekutana na watani zake wa huku.

Jumapili mchana nitakuwa nyumbani, simu mkononi. Kama bado hutaki kuongea, usiongee. Nibipu tu, uiache iite mara moja ukate. Nitajua ni marahaba.

Ni mimi mwanao,
Zainabu

Shikamoo, Baba. Ova.