Buibui wa Lydie Anatetemeka

Ijumaa, 7 Novemba 2025

Jana shirika, jumuiya yetu ya sala, lilisali kwangu. Viti kumi na vinne, safu mbili, sakafu imepigwa deki. Asubuhi nilifunika bidoni, dumu la buibui wa mjukuu wangu Lydie, kwa kipande cha chandarua kipya, nikakikaza kwa mpira, wageni wasiogope. Bure! Mama Kanyere, jirani yetu, aliliona kando ya kabati, akaruka juu ya kiti. «Baba Direkta! Hii nyama unafuga ya nini? Utaikula na fufu?» Watu wakacheka. Kisha akamtazama mjukuu wangu na kicheko kikamwisha. Akasema mtoto anayenyamazia watu na kuzungumza na buibui, hiyo si kitu ya kuacha hivi. Wamuombee. Nikamjibu kwamba sala imekwisha.

Lydie ana miaka kumi na mmoja. Aliletwa kutoka Bule mwezi wa tatu, bila mama yake. Mama yake, Angèle, alikuwa binti yangu; alizikwa huko. Tangu siku hiyo mtoto hajaniambia hata neno moja. Mwezi uliopita akamkuta buibui huyu kwenye kuni—mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja changu. Niliinua kandambili nimwue. Lydie akasimama katikati yetu. Kesho yake nikasikia sauti nyuma ya mlango wa chumba. Alikuwa akimsimulia habari za shule! Amempa jina Bijou. Sasa kila asubuhi analipeleka bidoni chumbani kwake, nami nasimama nje ya mlango, viatu mkononi, nasikiliza.

Jumapili, 9 Novemba

Bijou hali. Panzi anatembea juu ya mgongo wake naye hamjali. Miguu inatetemeka, hasa ya mbele. Leo Lydie alimbembeleza: kula, tafazali, kidogo tu. Halafu kimya. Kirefu. Ni kile kimya cha mwezi wa tatu, nakifahamu. Nilikwenda misa. Mahubiri sikuyasikia.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekwenda kwa Sébastien, mwanafunzi wangu wa zamani, anayeuza dawa za mifugo karibu na soko. Alicheka hadi akashika meza. «Muzee, miye natunza ngombe na mbuzi. Na kuku, kama iko na adabu.» Alipouona uso wangu akaacha mzaha, akauliza mnyama anakaa mu nini. Bidoni, nikasema, la lita ishirini, nimelikata juu. Na limefunikwa na nini? Nikajibu kwa fahari: chandarua kipya, kile tulichogawiwa.

Akaweka kalamu chini.

«Muzee. Ile mustikera iko na dawa. Inaua mbu, inaua mende. Buibui nayo itapona wapi?»

Na Bijou kila jioni hupanda kulala amening'inia kwenye chandarua. Nilimwona! Nikasema moyoni, amepapenda.

Nimelikosha bidoni mara tatu. Udongo mpya, maji kwenye kifuniko cha chupa. Sébastien hakusema atapona. Alisema tuone. Lydie alikuwa shuleni. Kile kipande nimekitupa chooni.

Jumanne, 11 Novemba

Ameanguka upande. Miguu miwili imejikunja ndani.

Nyuma ya mlango, hakuna sauti. Nilisimama mpaka saa moja. Hakuna.

Naogopa. Miaka thelathini na minane, mwalimu kisha direkta wa shule, niliwaadhibu watoto walioficha makosa yao. Chandarua kiko chooni.

Jumatano, 12 Novemba

Lydie amekataa kwenda shule. Sikumlazimisha. Tangu alfajiri anadondosha maji kwa unyoya wa kuku, tone moja moja. Saa tatu Bijou alisogeza mguu. Au ulikuwa upepo. Nilikuja mezani kuandika.

Akanifuata.

«Koko.»

Sauti ya Angèle! Kabisa! Miezi minane nimeomba nilisikie neno hilo, babu, kinywani mwake.

«Koko, alikuwa anapenda kulala juu ya mustikera. Mutu aliitoa pale. Tuirudishe, apone.»

Kwapani amebana chandarua cha kitanda chake, amekifungua kwenye misumari yeye mwenyewe. Kimetoka katika mgao uleule. Mkononi ana mkasi. Ameshaanza kukata, kipande kimoja cha mraba, kizuri, amekipima kwa bidoni. Anauliza kama kinatosha.

Nikimwambia hapana, atauliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, atajua ni mimi. Na huyu aliyesema nami leo, je, atasema tena?

Nimemwomba anisubiri nimalize mstari. Amesema, «Ndiyo, Koko.» Yuko mlangoni, anasubiri. Mkasi uko wazi.

Mstari umekwisha.