Kalenda ya Baba ya Mwaka 1961

Maposeni, 4 Machi 2025

Dada Lidwina,

Shikamoo. Hapa tu wazima, ila goti langu linanisumbua tangu mvua zianze. Nawe masikio yako? Simu huisikii, ndiyo maana naandika.

Tulipobomoa dari ya nyumba ya baba tulikuta kalenda ya misheni ya mwaka 1961. Baba, katekista wetu yule, hakuacha karatasi ipotee. Kila kisanduku cha siku ameandika maneno machache kwa penseli. Mwanangu Beda, anayefundisha historia, anakusanya matukio ya mwaka ule kwa ajili ya kitabu na amefurahi sana. Tarehe 1 Mei baba ameandika: "Tanganyika imepata madaraka ya ndani. Mbuzi wa Athanasi kaingia kwenye maharage." Kwake yote yalikuwa habari.

Mimi mwaka ule nimeushika mkiani tu, siku bendera ilipopanda. Mama alisema nililia kushinda ngoma.

Mdogo wako,
Devota

Muheza, 19 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Masikio yamekwisha, macho bado yanasoma. Goti likande kwa maji ya moto, usilionee haya.

Barua yako imenifurahisha, kisha nikakuonea wivu. Heri niseme. Wewe ulimpata baba miaka kumi na miwili, mpaka alipofariki. Mimi alinipandisha lori Alhamisi, tarehe 14 Septemba mwaka huo huo wa 1961, nikiwa na miaka kumi na minne, nije huku kwenye mkonge kulea watoto wa mama mdogo. Alisema ni kwa mwaka mmoja. Lori lilipoanza kuondoka akaniambia, "Lidwina, usigeuke." Nilimtii. Kwa hiyo sijui uso wake ulikuwaje.

Nitazamie siku hiyo aliandika nini.

Dada yako,
Lidwina

Maposeni, 2 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Goti nimelikanda, nafuu ipo.

Tarehe 14 Septemba: "Magunia manne ya mahindi ghalani. Upepo." Basi. Nimepekua Septemba iliyobaki, nikapekua Oktoba, jina lako halipo. Novemba ni mvua tupu. Pole. Wanaume wa zamani hawakujua kuandika mambo hayo.

Unasema baba nilimpata mimi. Hata fimbo zake nilizipata peke yangu.

Mdogo wako,
Devota

Muheza, 21 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa fimbo. Hizo nazo nimezionea wivu.

Umetaja Septemba, Oktoba na Novemba. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na mwanafunzi anayeruka ukurasa namjua kwa anavyoharakisha. Sitaki shamba, sitaki nyumba. Nina miaka sabini na minane na nataka kujua kama alinikumbuka. Niandikie Desemba.

Dada yako,
Lidwina

Maposeni, 30 Agosti 2025

Dada Lidwina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana nimekaa na yako karibu miezi minne, nisingependa kuwa nimechelewa. Goti halihusiki.

Kisanduku cha tarehe 9 Desemba kinasema hivi: "Uhuru. Ngoma mjini. Mama Lidwina kajifungua, wa kike. Lidwina hayupo, nyumba imekuwa kubwa."

Beda ndiye aliyekisoma kwa sauti mezani, kisha akanitazama. Nikamwambia kwenye kitabu chake aandike Uhuru tu.

Maisha yangu yote nimejigamba kuwa mtoto wa Uhuru. Nimekuja duniani na nchi nzima inacheza, na baba, mimi nikiwa hapo kitandani, anamhesabu aliyepungua. Mama mwenyewe ameitwa kwa jina lako. Wewe ulinionea wivu kwa miaka kumi na miwili ya baba. Mimi nimekuonea wivu kwa mstari mmoja, na wangu ulikuwa mkali zaidi, kwa kuwa nilikuficha.

Nilichukua mkasi nikukatie jina lako, nibaki na kuzaliwa kwangu. Haikuwezekana. Maneno yote ameyabana pamoja, huwezi kutoa moja usiharibu jingine.

Basi, Desemba nzima imo humu ndani ya bahasha. Nimebaki na ile miezi kumi na moja ambayo mimi sikuwepo.

Mdogo wako,
Devota